Dar hadi Kigoma: Saa Zinapotelea Wapi

Mtangazaji wa redio aliye Dar es Salaam hujifunza mapema kwamba mwezi wa Ramadhani una tahadhari yake. Adhana ya magharibi ikienda hewani, lazima aseme kwamba hiyo ni kwa wakazi wa Dar es Salaam na maeneo ya jirani. Akisahau, kuna mtu Ujiji, Kigoma, atatia tende mdomoni na huku jua bado linamtazama juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Dunia inapozunguka, kila digrii moja ya kutoka mashariki kwenda magharibi inachukua dakika 4. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna digrii tisa na nusu na ushei. Piga hesabu, utapata karibu dakika 40. Mfungaji wa Ujiji analisubiri jua dakika 40 zaidi ya mfungaji wa Kariakoo, ingawa saa za mkononi mwao zinasoma sawasawa.

Asubuhi ni hivyo hivyo. Saa 12 asubuhi, wakati Dar kumeshaanza kupambazuka, Kigoma ni giza. Mtoto wa shule wa Mwanga au Gungu anatoka nyumbani na kitochi. Adhuhuri, jua linafika utosini wakati saa imeshagonga 7. Na ukivuka maji hadi Kalemie au ukipanda kaskazini hadi Bujumbura, unarudisha mshale nyuma saa nzima. Kigoma inaishi kwa saa ya pwani, lakini jua lake ni la bara.

Jioni hii nataka tuzungumzie umbali kati ya miji hii miwili. Kwa mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka, ni kilomita 1,090 hivi. Kwa reli ya kati ni kilomita 1,250. Kwa barabara ya Dodoma, Manyoni, Tabora na Uvinza ni zaidi ya 1,200, na ukizungukia Singida, Kahama, Nyakanazi, Kibondo na Kasulu unakaribia 1,500. Hizo ni namba zisizo na ugomvi, unaweza kuzikuta kwenye ramani yoyote. Muda ndio wenye maneno. Umbali huu huu umewahi kuwa miezi minane, ukawa siku mbili, ukawa siku na usiku wake, na kwa mwenye uwezo wa kukata tiketi ya ndege ukawa saa 2 hivi angani.

Maelezo tuliyozoea ni kwamba vyombo vimekuwa na mbio zaidi. Miguu, kisha treni, kisha basi, kisha ndege. Maelezo hayo yana kweli yake, lakini yanaacha jambo ninaloliona kubwa kuliko mbio. Ukiifuatilia safari hii kwa karibu, zama hadi zama, utakuta saa nyingi zilipotea watu wakiwa wamesimama, wakisubiri kitu fulani au mtu fulani. Na anayetaka kuisogeza Kigoma karibu na Dar, au Dar karibu na Kigoma, aanze kutazama hapo waliposimama.

Tuanze na misafara. Njia ya kale ilitoka Bagamoyo, ikapita Usagara, ikaingia Ugogo, ikafika Tabora, ikaishia Ujiji, ambayo leo ni sehemu ya manispaa ya Kigoma. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hii kama unavyoijua njia ya kwenda kisimani kwenu. Walishuka pwani wakati wa kiangazi na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, wakikusudia kufika makwao kabla mvua hazijawakuta mashamba hayajalimwa. Mzigo ulikuwa kilo 30 hivi begani, wakati mwingine zaidi. Kirangozi alitangulia mbele, na mwendo wa siku ulikuwa kilomita 15 hadi 20, kuanzia alfajiri hadi jua lilipokuwa kali. Na tusisahau, maana ndiyo historia yetu, kwamba katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, ambao muda wa safari kwao haukuwa na maana tena, kwa kuwa hawakuwa na siku ya kurudi.

Sasa chukua kilomita 1,200 za njia ile, uzigawe kwa kilomita 15 kwa siku. Unapata siku 80. Chini ya miezi mitatu. Lakini wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaliona ziwa Februari 1858, zaidi ya miezi saba baadaye. Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta mmisionari Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba mwaka huo huo. Miezi mingine yote ilikwenda wapi?

Ilikwenda kwenye kusubiri. Ugogo ni nchi kavu, na maji yako kwenye visima na mabwawa yenye wenyewe. Mtawala wa Kigogo aliyekuwa na maji alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa na shanga, na hongo haikulipwa kwa kutupa mkono na kuondoka. Ilikuwa majadiliano. Msafara ulipiga kambi, mjumbe akaenda, akarudi na jibu kwamba vitambaa ni vichache, akaenda tena. Siku mbili, tatu, nne. Wazungu walioandika habari hizo walilalamika sana, kurasa kwa kurasa, lakini mimi nadhani Wagogo walikuwa na haki. Msafara wa mamia ya watu unapokunywa kisima cha kijiji wakati wa kiangazi, wenye kijiji watakunywa nini? Hongo ilikuwa bei ya maji. Baada ya Ugogo ilikuja Mgunda Mkali, nyika pana isiyo na maji kuelekea Unyamwezi, huko huko ambako leo treni inapita Itigi. Hapo msafara ulisubiri kwanza, ukajaza vibuyu, ukapumzisha watu, kisha ukapita kwa kuterekeza, kutembea hadi jioni na kulala pasipo maji ili kesho yake wafike kwenye dimbwi kabla ya adhuhuri.

Stanley alifika Tabora Juni 1871, kama miezi mitatu tangu pwani. Akakaa Tabora hadi Septemba. Miezi mitatu mingine mahali pamoja! Sababu ilikuwa Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa amegombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Hata Stanley alipoondoka alilazimika kuzunguka kusini ili asiguse nchi ya Mirambo. Miaka miwili baadaye Susi na Chuma na wenzao, walioubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo katika nchi ambayo leo ni Zambia, walikuwa Tabora Oktoba 1873 na wakafika Bagamoyo Februari 1874. Hao walikuwa watu waliojua nchi, wenye nia moja, wasio na sababu ya kuchelewa, na bado kile kipande cha njia ya misafara cha Tabora hadi baharini kiliwachukua miezi kadhaa. Ninawataja kwa makusudi. Tumezoea kuipima njia hii kwa majina ya wageni waliobebewa mizigo, na kuna watu waliopima kila hatua yake kwa mabega.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Morogoro reli ikafika 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, miezi sita kabla ya vita kuu ya kwanza. Vibarua wengi waliochimba tuta na kulaza mataruma walikuwa Wanyamwezi, katika nchi zile zile walizozipita kwa miguu, wao au baba zao. Upana wa reli yenyewe ni mita moja. Mzigo mmoja wa mwanzo uliopita juu yake ulikuwa meli nzima: Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar kwa bahari, ikapandishwa kwenye mabehewa hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Watu wa ziwa wanaijua kwa jina la Liemba. Makasha yale yangelikwenda kwa mabega ya wapagazi, sijui kama leo tungekuwa na meli hiyo ya kuizungumzia.

Reli ilivunja miezi ikawa siku. Sasa sikiliza hesabu nyingine. Treni ya abiria ya reli hii ya zamani, Dar hadi Kigoma, imekuwa ikichukua zaidi ya siku moja na nusu, na mara nyingi inafikia saa 40. Gawanya kilomita 1,250 kwa saa 40. Wastani ni kilomita 31 kwa saa, chini ya mwendo wa kijana aliye kwenye bodaboda mtaani kwenu. Na treni hiyo inapokwenda, haiendi kilomita 31 kwa saa. Ukichungulia dirishani kwenye tambarare ya Bahi au kati ya Manyoni na Itigi utaona miti inakimbia vizuri tu. Wastani unashushwa na kusimama.

Reli ile ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana lazima zipishane kwenye stesheni yenye njia ya pembeni, na inayotangulia kufika inamngoja mwenzake. Mkuu wa stesheni hawezi kuiruhusu iondoke hadi ahakikishe kipande cha mbele ni kitupu. Kama treni ya mizigo inayotoka bara imeharibika injini Goweko, basi abiria walioko Malongwe watakaa Malongwe. Ukifika Tabora, kwa miaka mingi mambo yamekuwa hivi: mabehewa yanapangwa upya, ya Kigoma huku, ya Mwanza huku, ya Mpanda kule, kwa kuwa Tabora ndiko treni za njia hizo zinakotenganishwa. Hiyo peke yake ni saa kadhaa, na watu wanashuka, wanaoga kwenye mabomba ya stesheni, wananunua asali, wanarudi kulala.

Anayeijua safari hii anaijua hali ya stesheni ndogo usiku wa manane. Treni imesimama. Feni ya daraja la pili kulala imezima. Daraja la tatu watu wameketi juu ya mabegi na ndoo, mtoto mmoja amelazwa juu ya gunia kati ya miguu ya watu, mama yake amemtupia khanga usoni kwa ajili ya mbu. Nje, taa za akina mama zinatembea chini ya madirisha: chai, kuku, mayai, viazi, karanga. Abiria mmoja anauliza gizani, "Tunasubiri nini?" Sauti inamjibu kutoka behewa la pili, "Tunapishana." Na mwingine, "Mpaka saa ngapi?" Hapo hakuna anayejibu. Anayejua ni mkuu wa stesheni na dereva wa injini, na habari haiwafikii watu. Kwangu mimi hilo linauma kuliko kuchelewa kwenyewe. Mtu akiambiwa tutakaa hapa saa 2, atashuka, atanyoosha miguu, atamnunulia mwanawe uji, ataswali. Asipoambiwa, atakaa amekunja miguu saa 2 hizo hizo akihofia kuachwa.

Na iko sehemu moja ambapo kusubiri kumewahi kupimwa kwa miezi, kama zama za misafara. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inalifuata bonde la mto Mkondoa. Wajenzi wa wakati ule walifuata bonde kwa sababu lilikuwa mlango rahisi wa kupenya milima ya Usagara, na misafara nayo ilipita huko huko kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mto unaopita kwenye mlango huo hauna adabu ya kudumu. Mvua zikinyesha juu, Dodoma na Mpwapwa, maji yanashuka na mchanga, yanachimba tuta, yanabeba madaraja. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yaliikata reli kabisa, na safari za treni zikasimama. Watu wa Kigoma walirudi barabarani. Kila mafuriko ya aina hiyo, Kigoma inasogezwa mbali bila mtu yeyote kugusa ramani.

Tukizungumzia barabara, sitakaa sana. Kwa muda mrefu barabara ya kuingia Kigoma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mto Malagarasi ulikuwa mpaka wa kweli kuliko mipaka mingi iliyochorwa. Lami na Daraja la Kikwete juu ya mto huo vimebadilisha hilo, na nasema wazi kwamba ni kazi kubwa. Kilichobaki kilikuwa usiku. Kwa karibu miaka 30 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kucha kwa sababu ya ajali, na basi la Kigoma, ambalo haliwezi kumaliza safari mchana mmoja kwa mwendo halali wa kilomita 80 kwa saa, lilikuwa linaegeshwa njiani hadi alfajiri, abiria wakilala vitini au kwenye mikeka ya stendi. Mwaka 2023 zuio hilo liliondolewa. Lami ni ile ile, injini ni ile ile, na mwendo haukuongezwa hata kilomita moja. Ruhusa ya usiku peke yake iliwapunguzia abiria wa Kigoma saa nyingi za kukaa stendi.

Siwezi kulisema hilo nikanyamaza kuhusu ajali. Zuio liliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanakufa, na giza la njiani Kintinku halijawa mwanga. Saa zilizookolewa ni halali ya abiria kama dereva wa pili yupo kweli na amelala kweli zamu yake, na kama kuna mtu anayetazama mwendo wa basi usiku kama mchana. Pungufu ya hapo, heri tusubiri.

Ndege ni saa 2 hivi. Wenye nafasi wanapanda, na kwa mgonjwa au mwenye msiba ni neema. Lakini yeyote aliyewahi kusafiri kwa ndege anajua kwamba kwenda Uwanja wa Julius Nyerere kwa foleni za Dar, kufika mapema, kukaguliwa na kungoja begi vinaweza kuzidi muda wa kuwa angani. Hata huko juu kusubiri kumetangulia kufika.

Sasa tuje kwenye jambo linalowafanya watu wengi wa magharibi mwa nchi kunipigia simu kipindi hiki kikienda hewani, yaani reli mpya ya kisasa, SGR. Katikati ya mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria, kwanza Dar hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma. Dar hadi Dodoma kwa treni ya haraka ni kama saa 3 na nusu, kwa njia ambayo basi huchukua saa 7 na kuendelea. Kila mtu anataja kilomita 160 kwa saa. Ni kweli, na inapendeza kutazama namba hiyo ikipanda kwenye kioo kilicho juu ya mlango wa behewa. Ila naomba utazame jambo la pili ambalo halitajwi. Reli hii nayo, kwa sehemu kubwa, ni ya njia moja yenye sehemu za kupishania, kama ile ya Mjerumani! Kinachoitofautisha ni kwamba treni zinaongozwa kwa ishara za kielektroniki zinazojua kila treni iko wapi, vivuko vya barabara vimejengewa madaraja ya juu au ya chini, uzio umewekwa, na ratiba imepangwa ili treni zikutane pale zinapotakiwa kukutana. Kusubiri kumeondolewa kwa mpango. Kama treni hii ingekuwa na kasi ya kilomita 160 na bado inangoja Ngerengere saa nzima, tungekuwa na treni nzuri ya kusubiria.

Chukua wastani huo wa Dar–Dodoma, kilomita 130 hivi kwa saa, uupeleke hadi ziwani. Kilomita 1,250 zinakuwa saa 10 kasoro kidogo. Aliyeondoka Dar saa 12 asubuhi anakuwa Kigoma saa 10 jioni, jua la Kigoma likiwa bado juu sana. Hiyo ni hesabu yangu ya kalamu na karatasi, lakini haina uchawi ndani yake. Kipande cha Makutupora hadi Tabora na kile cha Tabora hadi Kigoma vina mikataba ya ujenzi. Wa Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania, na kutoka Uvinza kumepangwa tawi la kwenda Musongati, Burundi. Siku treni ya umeme itakapoingia Kigoma, mji huo utakuwa karibu na Dar kwa muda kuliko Songea au Bukoba kwa basi.

Kabla ya siku hiyo, iko hatari ninayoitaja mapema ili wanaopanga ratiba waisikie. Reli mpya inafika vipande vipande. Msafiri wa Kigoma ataipanda treni ya zamani, atabadilisha kwenda treni ya umeme mahali fulani katikati, leo Dodoma, kesho Tabora. Akifika Dodoma saa 8 usiku na treni ya umeme inaondoka asubuhi, na stesheni mbili hizo haziko mahali pamoja, na yeye ana watoto wawili na ndoo ya mawese, basi muda wote uliookolewa kati ya Dodoma na Dar ameulipa kwenye benchi, na nauli ya bajaji juu yake. Mbio za treni hazitamsaidia mtu huyo. Atasaidiwa na mtu mmoja ofisini aliyeweka ratiba mbili mezani, ya zamani na ya mpya, akaziunganisha. Hiyo haihitaji mkopo wala saruji.

Nasisitiza hili kwa sababu ya wagonjwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, inapoandika rufaa ya kwenda hospitali za Muhimbili au Ocean Road, Dar, karatasi ile haionyeshi saa. Mama mwenye saratani anayekwenda kwenye mionzi haendi mara moja. Anakwenda, anarudi, anakwenda tena. Kila safari kwake ina kulala, kukaa, choo kisichofunga, joto, na dawa zinazompa kichefuchefu. Kwa mtu mzima wa afya, saa 20 za basi ni uchovu wa siku mbili. Kwake ni sababu ya kusema, "Safari hii siendi, wanangu, mniache." Wapo waliosema hivyo. Nani atanipa ramani inayoonyesha umbali huo?

Na kwa sababu ya biashara. Angalia Kigoma inachotuuzia huku pwani: dagaa wakavu, mawese, chumvi ya Uvinza, migebuka iliyokaushwa. Vyote ni vitu visivyooza. Hatukuchagua hivyo kwa ladha. Saa 40 za treni na saa 20 za barabara ndizo zilizochagua. Mgebuka mbichi, aliyetoka majini usiku huu, anatakiwa kuwa kwenye barafu asubuhi na sokoni Feri, Dar, kabla ya kesho yake. Kwa saa 10 za treni inawezekana kabisa. Kwa saa 10 za treni na saa 6 za kungoja kibali, mizani au injini, haiwezekani, na mvuvi wa Kibirizi ataendelea kuanika.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa wahusika, na nitayarudia kipindi kijacho kama hayajasikika. Kila treni na kila basi la masafa marefu liwe na mtu mwenye wajibu wa kuwaambia abiria wamesimama kwa nini na hadi saa ngapi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi daraja la tatu. Ratiba ya treni ya zamani na ya umeme zipangwe pamoja kuanzia sasa, kabla reli haijafika Tabora. Na mabehewa ya ubaridi ya samaki na matunda yaingizwe kwenye hesabu za kipande cha Tabora–Kigoma leo, wakati tuta linajengwa, kwa sababu yakisahauliwa sasa yatasubiri miaka.

Wewe uliyeko Nguruka, Uvinza, Kazuramimba, na wewe uliyeko Kasulu na Kibondo unayetusikiliza kwa simu: tuandikieni ujumbe mfupi. Andika ulipoondokea, ulikokuwa unakwenda, mahali mlipokaa muda mrefu kuliko pote, na mlikaa saa ngapi. Tutasoma majina ya mahali hapo hewani, moja baada ya jingine, na kila penye saa nyingi tutampigia simu anayehusika na kumuuliza.